Anayemsikiliza kijana anayeomba upadri asiwe yeye anayemhukumu

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa taifa yakishatoka, kuna vijana wa Goma wanaopeleka barua kwa paroko wao kuomba kuingia seminari kuu. Wengine wanaomba nafasi ya kusomea uchungaji katika jumuiya za Kiprotestanti. Wanatakiwa kuleta faili: cheti cha ubatizo, diploma ya Serikali, barua ya paroko au ya mchungaji, karatasi ya daktari. Daktari anapima damu, macho na mapafu. Hali ya ndani ya kijana, yaani usingizi wake, hasira zake, hofu zake, maombolezo ambayo hajamaliza, inaachiwa mara nyingi mahojiano mafupi mbele ya watu wale wale watakaoamua kama anaingia au anarudi nyumbani.

Hapo ndipo kosa linaanzia. Kijana mwenye akili timamu hawezi kumwonyesha kidonda chake mtu ambaye kesho atapiga kura juu ya maisha yake. Atasema yuko sawa, amesamehe, analala vizuri. Walezi wataandika kwamba hana tatizo, na kila mtu ataondoka ameridhika. Makanisa ya Goma hayakosi nia njema. Kinachokosekana ni mlango wa pili, ambapo kijana anaweza kusema ukweli bila kuogopa kwamba ukweli huo utamfukuza.

Goma haina kijana asiyeguswa

Chukua kijana aliyezaliwa mwaka 2003, mwaka mmoja baada ya Nyiragongo kumwaga lava hadi katikati ya mji, tarehe 17 Januari 2002. Alijifunza kutembea juu ya mawe meusi ya lava hiyo. Akiwa na karibu miaka 5, Oktoba 2008, waasi wa CNDP walifika karibu na mji na watu wakakimbia. Akiwa na karibu miaka 9, tarehe 20 Novemba 2012, M23 iliingia Goma kwa mara ya kwanza. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikalipuka tena, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Familia zikalala Sake, Minova, Rutshuru au ng'ambo ya mpaka. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yakaanguka kwenye kambi za wahamaji upande wa Mugunga na Lac Vert. Mwisho wa Januari 2025 mapigano yakaingia ndani ya mji wenyewe, M23 ikauteka, maji na umeme vikakatika, na maiti zikazikwa kwa mamia.

Kijana huyo bado hakuwa amefika miaka 23. Na yeye ni mtoto wa mji. Wenzake wanaotoka Masisi, Rutshuru, Walikale au Lubero wanaweza kuwa wameona mambo ambayo mtu hawezi kuyaandika kwenye fomu: kijiji kilichochomwa, dada aliyebakwa, kaka aliyeingia katika kundi lenye silaha na hakurudi, au aliyerudi na hakuna anayethubutu kumuuliza alifanya nini huko.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu 1 kati ya 5 anaishi na tatizo la afya ya akili, kuanzia wasiwasi na huzuni nzito hadi kiwewe na magonjwa makali zaidi. Hesabu hiyo haikufanywa kwa ajili ya seminari. Lakini seminari haichoti vijana wake mahali pengine. Wanatoka katika mitaa ile ile, kambi zile zile na familia zile zile.

Ndiyo sababu swali la kumuuliza mwombaji wa Goma haliwezi kuwa "Je, una kidonda?" Jibu linajulikana. Maswali yenye maana ni mengine: kidonda hicho kinatunzwa au kimefunikwa? Kinamfanya awe mpole kwa wanaoteseka, au kinamfanya awe mkali kwao? Anaweza kukitaja kwa jina, au kinamwamsha usiku bila yeye kujua ni nini?

Kazi inayomngoja

Maswali hayo yana uzito kwa sababu kazi yenyewe ni nzito. Katika Kivu, padri au mchungaji haishii kwenye altare au mimbari. Ndiye wanayemwita kwanza maiti ikiokotwa. Ndiye anayefungua parokia usiku watu wakikimbia. Anasikia maungamo ya mwenye kubakwa na ya mwenye kubaka, wakati mwingine katika wiki moja. Anazika asubuhi na kufungisha ndoa mchana. Tena anaombwa kuwa mpatanishi: Februari 2025 maaskofu wa CENCO na viongozi wa ECC walifika Goma kuzungumza na viongozi wa AFC/M23, wakati watu wa mji walikuwa bado wanatafuta maji ya kunywa.

Na anaweza kuuawa. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Padri Étienne Sengiyumva, wa jimbo la Goma, aliuawa kwa risasi tarehe 8 Aprili 2018 upande wa Kitchanga, siku aliyotoka kuadhimisha misa. Padri Richard Masivi Kasereka aliuawa tarehe 2 Februari 2022 katika Lubero, akirudi katika parokia yake. Kijana anayeomba upadri leo anayajua majina haya. Amesali kwa ajili yao. Anajua pia kwamba akipewa daraja anaweza kutumwa kwenye barabara zile zile.

Mtu anayebeba mzigo wake mwenyewe uliofungwa, halafu anapewa mizigo ya parokia nzima, ana njia chache. Anaweza kuwa baridi, asisikie tena kilio cha mtu. Anaweza kukimbilia pombe. Anaweza kugeuza madaraka kuwa ngao, akawatawala waamini badala ya kuwachunga. Na wapo wanaovunjika kimya kimya, waamini wakisema tu kwamba "padri wetu amebadilika". Gharama hiyo hailipwi na padri peke yake. Inalipwa na mama anayekuja kuungama na kufokewa, na watoto wa katekesi, na jumuiya nzima ya msingi.

Kwa nini wananyamaza

Sababu ya kwanza ni hofu ya kurudishwa. Njia ya upadri ni ndefu: mwaka wa maandalizi, falsafa, teolojia na mwaka wa mazoezi kazini, karibu miaka 8 au 9 kwa jumla. Wakati wowote walezi wanaweza kumwambia fratri asirudi. Kwa kijana ambaye hajui nani anasoma faili yake, kila neno analosema linaweza kuwa sababu. Wengine wamesikia kwamba sheria ya Kanisa inazuia kumpa daraja mtu mwenye ugonjwa wa akili. Ni kweli, kanuni namba 1041 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema hivyo, lakini inataka pia wataalamu waulizwe kabla ya kuamua kwamba mtu hawezi kutimiza huduma. Kuomboleza mzazi aliyeuawa, au kushtuka mlango ukifungwa kwa nguvu, si kichaa. Hakuna anayemweleza kijana tofauti hiyo, kwa hiyo anaficha vyote.

Sababu ya pili ni familia. Katika mkoa ambao mishahara imekuwa hadithi, na ambako benki za Goma zilifungwa tangu mji ulipotekwa, seminari ni mahali pa kulala, pa kula na pa kusoma. Mtoto anayekuwa padri ni heshima ya ukoo. Mama anaitwa "mama padri" kabla hata mtoto hajavaa kanzu. Majirani walichanga kwa ajili ya godoro, sanduku na nauli. Kijana akigundua mwaka wa tatu kwamba wito huo haukuwa wake, au kwamba nguvu zake zimekwisha, anawaza kwanza uso wa mama yake. Anayerudi nyumbani anaitwa aliyeshindwa, na watu wanatafuta sababu: mwanamke, wizi, uchawi. Ni wachache wanaofikiri kwamba labda alikuwa mwaminifu tu kwa nafsi yake.

Sababu ya tatu iko ndani ya imani jinsi inavyohubiriwa. Mara nyingi huzuni inachukuliwa kuwa upungufu wa sala, na kiwewe kuwa kazi ya pepo. Anayetaka kuwa mtumishi wa Mungu anawezaje kukiri kwamba sala haijamwondolea ndoto za usiku? Anaona kana kwamba anajitangaza kuwa na imani ndogo mbele ya watu wa imani. Hivyo anaongeza kufunga, anaongeza rozari au mkesha, na hasemi kitu.

Sheria tayari ipo

Wanaosema kwamba mambo ya wanasaikolojia ni desturi ya Wazungu iliyoingizwa kanisani wangefungua kwanza vitabu vya Kanisa lenyewe. Kwa Wakatoliki, kanuni namba 240 inasema wazi kwamba baba wa kiroho na waungamishaji hawaruhusiwi kamwe kuulizwa maoni yao wakati wa kuamua nani apewe daraja na nani aondolewe seminari. Maana yake ni rahisi: sikio linalosikia siri lisitoe kura. Kanisa lilijua jambo hili kabla ya kuwa na wanasaikolojia.

Tarehe 30 Oktoba 2008 Vatican ilitangaza mwongozo juu ya kutumia wanasaikolojia katika kupokea na kulea waombaji wa upadri. Mwongozo huo hausemi kila mtu alazimishwe kupimwa. Unasema mtaalamu anaweza kuitwa pale panapohitajika, kwamba kijana lazima akubali mwenyewe kwa hiari akijua anachokubali, kwamba mtaalamu huyo asiwe mmoja wa walezi, na kwamba kijana akikataa asilazimishwe. Matokeo hayapelekwi kwa walezi bila ruhusa yake ya maandishi. Mwongozo mkuu wa malezi ya mapadri wa tarehe 8 Desemba 2016 uliongeza jambo lingine: hatua ya maandalizi ya mwaka mmoja hadi miwili kabla ya falsafa ni ya lazima. Ni muda uliotengwa ili kijana ajijue, na ili wengine wamjue, kabla mzigo wa masomo haujaanza.

Ni kweli kwamba katika nchi nyingi uchunguzi huu ulipata nguvu baada ya kashfa za mapadri waliodhulumu watoto. Lengo lilikuwa kuwazuia watu wa hatari wasiingie. Lengo hilo ni halali Goma pia, na halipaswi kulegezwa. Mtu anayeonyesha dalili za kuwadhuru watoto, anayefurahia kuwadhalilisha wadogo wake, au mwenye ugonjwa mkali asiotaka kuutibu, asikabidhiwe parokia, hata kama ana sauti nzuri ya kuimba misa. Lakini chujio peke yake halitoshi kwa mji ambao karibu kila mwombaji amekua katika vita. Ukichuja kila aliyeumia, utabaki na waliojifunza kuficha vizuri kuliko wengine. Hao ndio wa kuogopwa zaidi.

Si jambo la Wakatoliki peke yao

Jumuiya za Kiprotestanti zina nafasi nzuri ambayo bado haijatumika vya kutosha. Jumuiya ya Kibaptisti, CBCA, yenye makao yake Goma, ina hospitali zake Virunga na Ndosho, ambazo zimepokea majeruhi wengi wa vita. Chuo Kikuu cha ULPGL kinafundisha teolojia na saikolojia katika mji huo huo. Watu wanaosomea kuponya nafsi na watu wanaosomea kuchunga nafsi wanapita kwenye uwanja mmoja. Kinachobaki ni kuwakutanisha kwa utaratibu: mwanafunzi wa teolojia awe na mtu wa kumsikiliza, na asihofu kwamba mazungumzo hayo yatafika kwa rais wa jumuiya yake kabla ya kupewa kanisa.

Hali ngumu zaidi ni ya makanisa ya uamsho, ambako hakuna faili kabisa. Mtu anaota ndoto, anakodi chumba, ananunua kipaza sauti, na kufikia Jumapili ni nabii. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayodai wahubiri wawe na shahada ya masomo ya dini, na makanisa mengi yakafungwa. Sheria hiyo ina ubishi wake, lakini hata ikikubaliwa ina upungufu mmoja: shahada inapima kichwa kinajua nini, haipimi moyo unabeba nini. Kenya iliona mwaka 2023 huko Shakahola, kaunti ya Kilifi, wafuasi zaidi ya 400 wa mhubiri mmoja wakifukuliwa makaburini, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa. Mhubiri huyo amekana mashtaka na kesi ni ya mahakama. Lakini swali ambalo waumini wa kila mahali walijiuliza ni hili: nani aliwahi kukaa na mtu huyo na kumuuliza maswali?

Pesa ziko wapi?

Pingamizi linalosikika zaidi ni la pesa. Jimbo ambalo parokia zake zimeporwa, na ambalo waamini wake wamelala kwenye mahema, litalipaje mwanasaikolojia? Pingamizi hilo lina haki yake, lakini si kubwa kama linavyoonekana. Seminari moja haihitaji mtaalamu wa kila siku. Nyumba kadhaa za malezi, za mapadri, za masista na za wachungaji, zinaweza kushirikiana mtaalamu mmoja au wawili. Watu hao wapo. Kwa miaka mingi mashirika ya misaada yamefundisha vijana wa Goma kuwasikiliza waliobakwa na waliokimbia vita. Misaada ilipokatwa mwaka 2025, wengi wao walipoteza kazi. Ujuzi wao umebaki mtaani, bila kazi.

Tena Kanisa lina nyumba yake ya afya ya akili mjini Goma: kituo cha Tulizo Letu, cha shirika la watawa la Ndugu wa Upendo, ambao huko Bukavu wana Sosame. Watawa hao walianza kutunza wagonjwa wa akili Ubelgiji katika karne ya 19. Padri akimpeleka muumini wake Tulizo Letu, watu wanamsifu. Fratri akionekana kwenye lango hilo kwa ajili yake mwenyewe, watu wananong'ona. Tofauti hiyo haina uhusiano wowote na pesa.

Mambo manne ya kufanya

La kwanza, msikilizaji awe wa nje, asiwe mlezi wala mtumishi wa ofisi ya askofu au ya rais wa jumuiya. Kijana aambiwe mwanzoni, kwa maandishi, ni nini kitabaki siri na ni nini hakitabaki: hatari kwa uhai wake au kwa uhai wa wengine, na madhara kwa mtoto, haviwezi kufichwa. Mengine yote yabaki pale pale.

La pili, mazungumzo yasifanyike mlangoni tu. Mtu anabadilika, na vita vinarudi. Yafanyike katika mwaka wa maandalizi, yarudiwe kabla ya teolojia, na tena baada ya mwaka wa mazoezi kazini, kijana anapokuwa ameonja parokia yenyewe. Na kama kuna wataalamu zaidi ya mmoja, kijana apewe nafasi ya kuchagua. Katika Kivu kila mtu anajua kwa nini. Lugha ya mama na kabila la anayesikiliza vinaweza kufungua kinywa cha mtu au kukifunga, na kujifanya kwamba jambo hilo halipo ni kujidanganya.

La tatu, anayekataliwa apewe sababu na mtu wa kumsindikiza. Barua ya mistari mitatu mwisho wa mwaka haitoshi kwa kijana aliyetoa ujana wake. Aitwe, aelezwe, asaidiwe kuhamisha masomo yake, na paroko aende kwa familia kusema kwamba mtoto wao hakufanya aibu yoyote. Jambo hilo halidai hata franka moja, na linaweza kuokoa uhai.

La nne, walezi wenyewe wasikilizwe. Wao pia walikuwa Goma mwaka 2012, 2021 na 2025. Wao pia wamezika wenzao. Mlezi ambaye hajawahi kusema "nimechoka" hawezi kumfundisha fratri kulisema. Wanafunzi hujifunza zaidi kwa kumtazama mkubwa wao kuliko kwa kusoma barua yoyote ya Vatican.

Hakuna hata moja kati ya haya linalopunguza nafasi ya sala. Fratri anayesikilizwa vizuri ataendelea kupiga magoti, na pengine atasali kwa ukweli zaidi, kwa sababu hatakuwa tena na kitu cha kumficha Mungu wala watu. Maaskofu, marais wa jumuiya na wakuu wa seminari wana nafasi ya kuanza na kundi lijalo la waombaji. Barua zao zitafika maparokiani kama kila mwaka. Pamoja na karatasi ya daktari wa damu na mapafu, kila kijana angeweza kupewa kitu kimoja zaidi: jina la mtu anayeweza kumwambia kila kitu, na ambaye hatakuwa na kura siku ya kuamua.